Hivi metali mpya inatengenezwa kwa ajili ya nani? Nipeni albamu moja tu ya kueleweka

FUNDI KOILI

Wakuu, salamu. Naingia kwenye hoja moja kwa moja, nina amplifaya ya watu hapa mezani.

Natafuta albamu ya hevi metali iliyotoka 2023 kuja huku, ambayo ukiisikiliza unasikia kabisa kwamba kuna watu wanapiga vyombo. Moja tu. Msinitumie zile orodha za albamu 50 bora za mwaka, nimezisoma, nimezifuatilia mpaka bando likakata, na nilichovuna ni hasira.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa spika, napatikana Makoroboi hapa Mwanza mjini. Kazi yangu kubwa ni kusuka upya koili za sabufa zilizoungua, na zinaungua haswa, maana watu wa mji huu kwenye sauti hatuna breki. Sasa spika ikishatengenezwa lazima ijaribiwe. Ukiijaribu kwa Bongo Fleva, hata yenye koili iliyokaa upande itaimba vizuri tu, mteja analipa, anaondoka, kesho yake anarudi na maneno. Ila mwekee bendi ya Slayer, ile albamu ya Reign in Blood ya 1986, nyimbo kumi na haifiki nusu saa. Mpiga drams wao Dave Lombardo akianza kukanyaga zile pedali mbili, koili ikigusa sumaku hata kidogo utaisikia inakwaruza. Mteja anakunja sura: "Fundi, hapo imepona au ndiyo inakata roho?" Namwambia ikiistahimili hii itastahimili harusi yoyote ya Igoma. Ndivyo nilivyoanza na huu muziki, kwa ajili ya kazi, halafu ukanikaa.

Sasa malalamiko.

Metallica walitoa 72 Seasons Aprili 2023. Dakika 77! Lux Æterna safi kabisa, inaingia, inapiga, inatoka. Zilizobaki zinazunguka rifu moja, kipande kilekile cha gitaa, mpaka unaanza kufikiria kodi ya fremu. Wa mwisho, Inamorata, una dakika 11 na ushee, mrefu kuliko wimbo wowote waliowahi kutunga peke yao. Kaka Hetfield mwimbaji, tulikuelewa tangu dakika ya nne. Halafu wanasema majira 72 ni miaka 18 ya mwanzo ya mtu, kwa hesabu yao ya majira manne. Huku kwetu tunahesabu mvua na jua, kwa hiyo mtu wa majira 72 ana miaka 36 na ana watoto wanne, hana muda wa dakika 77.

Iron Maiden nao, ingawa Senjutsu ni ya 2021, inabidi niwataje. Nyimbo tatu za mwisho zote zimezidi dakika kumi, zote za Steve Harris, na hakuna mtu kwenye bendi mwenye ujasiri wa kumwambia mzee inatosha. The Parchment ina dakika 12 na nusu. Zamani tulipokuwa tunasubiri feri pale Kigongo, wimbo kama huo ungekuwa na maana, ungeusikiliza wote na foleni haijasogea. Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita tatu za lami juu ya maji, unavuka ghuba upande wa pili na mwimbaji wao Bruce Dickinson bado anajikohoza.

Hao ni wazee, nawaheshimu. Hawa wapya ndio wananiua. Nafungua albamu, naambiwa ni metali nzito, nasikia mtu ananibembeleza. Kinanda, pumzi, kunong'ona, halafu ghafla gitaa linaanguka kama gunia la mchele, sekunde ishirini, tunarudi kunong'ona. Na drams ni zilezile kwenye kila bendi! Ukinifumba macho ukanipigia bendi sita mpya, siwezi kukutajia hata moja kwa mlio wa ngoma.

Mtaniambia Metallica nao waliharibu drams kwenye St. Anger ya 2003, mpiga drams wao Lars alipolegeza waya wa chini wa ile ngoma ndogo, ikawa inalia kopo. Nakubali ilikuwa kopo. Mimi nafanya kazi kwenye mtaa uliopewa jina kwa sababu ya watu waliokuwa wakikunja makopo kuwa vibatari, mlio wa kopo naujua. Lile lilikuwa kopo la kweli, na aliyekuwa analigonga alikuwa na hasira ya kweli. Leo hata kopo hatupati.

Na ngoja niwaambie kwa nini linaniuma. Muziki huu wote umetokana na ajali ya kazini. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kijana wa miaka 17 Birmingham, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo huo ndio mkono wa kubonyezea nyuzi. Mwingine angeenda kuuza gitaa. Jamaa akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaiyeyusha, akajitengenezea vikofia vya vidole, akavibandika kipande cha ngozi juu visiteleze. Nyuzi zikawa bado zinamuumiza, akatafuta nyembamba. Baadaye akazilegeza, ndiyo unasikia ule mlio mzito unaoburuta miguu kwenye Master of Reality ya 1971. Huyo ni fundi mwenzangu. Kila mtu mwenye gitaa zito leo anakula kwenye meza iliyogongwa misumari na yule mtu mwenye vidole vya chupa ya sabuni, halafu wanakaa studio na kompyuta kufuta kila kosa mpaka muziki hauna alama ya kidole.

Haya, nipeni moja. Nasubiri.

DADA WA MALIMBE

Shikamoo fundi. Nimesoma mpaka mwisho, pamoja na kwamba umeandika urefu wa The Parchment.

Bendi unayoisema bila kuitaja ni Sleep Token, tusifichane. Niko chuoni, nasikiliza usiku kwa hedifoni kwa sababu hosteli ni ya watu wanne na mmoja anaamka saa kumi kusali. Kwenye mazingira yangu, mtu anayeanza kwa kunong'ona ni mstaarabu. Lombardo wako angenifukuzisha.

Albamu yao Even in Arcadia ilitoka Mei 2025 ikakaa namba moja kwenye chati ya albamu ya Marekani. Mwezi huohuo Ghost kutoka Sweden nao walikuwa wameshafika hapohapo na Skeletá. Albamu mbili za watu wenye vinyago na magitaa, juu ya wasanii wote wa pop. Nyie wazee mlilia miaka kwamba metali haiheshimiwi, imeheshimiwa mnanuna!

Halafu unataka binadamu anayepiga ngoma? Msikilize mpiga drams wao, anajiita II tu, hakuna anayepaswa kujua jina lake. Msikilize yeye peke yake, achana na mwimbaji. Mikono yake iko huru, anagusa vitu vidogovidogo pembeni ambavyo kompyuta haiwezi kuvibuni. Wewe umeshaamua kununa kwa sababu ya dakika mbili za kinanda.

Na samahani, lakini hao "wa kweli" wako, mdogo wao ana miaka sitini.

FUNDI KOILI

Marahaba mdogo wangu. Sikuwataja kwa sababu najua mashabiki wao, wanatembea kwa makundi.

Wimbo wao Caramel nimeusikiliza. Una mdundo wa regetoni! Regetoni, dada. Imekaa hivyohivyo wimbo karibu wote, jamaa analalamika kwamba umaarufu unamchosha, amevaa kinyago ili asijulikane halafu analia kwamba anajulikana. Mwishoni kabisa ndiyo wanakumbuka kuna mtu ameshika gitaa, wanatupa kelele tamu kwelikweli, unakaa sawa kwenye stuli, wimbo umeisha. Hiyo naiita dharau.

Kuhusu mpiga drams nakupa nusu. Mikono anayo. Ila mlio wa ngoma zake umeoshwa na kupigwa pasi.

Kuhusu umri: Rob Halford wa Judas Priest alikuwa na miaka 72 Invincible Shield ilipotoka Machi 2024, na pale juu anakofika kwa sauti, huyo Vessel wako, mwimbaji wa Sleep Token, akijaribu atahitaji ngazi.

MAMA WAWILI

Mwanangu fundi, sikujui lakini nakuombea. Mimi jirani yangu hapa Pasiansi ana kijana wa muziki huo. Anavaa nyeusi jua kali la saa saba, nywele hachani, na ukimsalimia anaitika vizuri sana, ndicho kinachonitisha.

Olimpiki ya Paris 2024 nilikuwa nimekaa sebuleni na wajukuu tunaangalia meli za wachezaji zinapita mtoni. Mara tukaona dirishani malkia hana kichwa, kichwa amekishika mkononi na kinaimba! Moto unaruka, wanaume wameng'ang'ania magitaa kwenye kuta za jumba. Nikazima. Mjukuu mdogo akaniuliza bibi, yule anakulaje. Nikakosa jibu mpaka leo.

Huo muziki una roho nyuma yake. Tengeneza spika, lakini jaribia kwaya.

FUNDI KOILI

Shikamoo mama. Nimekuelewa na maombi nimeyapokea.

Wale ni Gojira, bendi ya Wafaransa, wawili kati yao ni ndugu wa tumbo moja. Jumba lile ndimo alimofungwa Marie Antoinette kabla hawajamkata kichwa 1793, na wimbo waliotumia ni wa wanamapinduzi wenyewe wa enzi hizo, wao wameongeza umeme tu. Kwa hiyo mjukuu alikuwa anasomeshwa historia ya Ufaransa, ingawa nakubali wangeweza kutoa tahadhari. Februari 2025 walipewa Grammy kwa wimbo huo. Na mimi ambaye hapa nalalamika, usiku ule nilisimama. Wamening'inia ukutani juu ya maji, dunia nzima inatazama, na hawakupunguza chochote ili wasikwaze mtu.

Yule Tom Araya aliyekuwa akiimba kwenye Slayer ni Mkatoliki, mama. Kelele zote zile na Jumapili yuko na imani yake.

Kwaya najaribia pia. Tatizo kwaya nyingi siku hizi kinanda ni kingi kuliko watu.

NG'WANA KISESA

Mama Wawili, kwa heshima zote, wewe ni mtu wa kanda hii kweli? Malkia hana kichwa ndiyo ikutishe?

Nenda Bujora mwezi wa sita kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Utawakuta Bagoyangi wanacheza na chatu mzima, mzito, anahema, wamemvingirisha shingoni na ngoma zinapigwa. Huyo siyo wa plastiki. Ozzy, yule mwimbaji wa zamani wa Black Sabbath, alimng'ata popo jukwaani Marekani 1982 akidhani ni wa mpira, dunia ikazungumza miaka arobaini. Kwetu anayeshika nyoka anajua kabisa ameshika nini, akimaliza anamrudisha kwenye kisanduku, anakunywa maji.

Na hayo mabishano yenu ya nani mkali, Wasukuma walishayatengenezea utaratibu. Kuna vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana: Bagika wanacheza upande huu, Bagalu upande ule, muda uleule, na watu wanaruhusiwa kuhama. Mwenye umati ndiye kashinda. Dawa za kuvuta watu zipo, vituko vipo, mtu anaruka na jembe hewani, analidaka, anaendelea. Ingekuwa hivyo, hao wa dakika 12 wangebaki na mama zao tu.

Fundi, swali: kwa nini hamna metali ya kwetu? Ngoma kubwa tunazo, kelele tunazo, nyoka tunao.

DAGAA GIZA

Mimi nitaongea kama mvuvi. Boti yetu ina kaspika ka flashi, tunaweka wakati wa kuvuta nyavu ili watu wasilale. Kijana mmoja alituletea hiyo metali. Jamaa anaimba kwa sauti ya tumboni, ile ya kunguruma. Ilipotelea kwenye injini moja kwa moja, tukajua spika imekufa. Tulipoizima injini tukakuta bado ananguruma, kumbe alikuwepo muda wote.

Singeli ndiyo inayosikika majini. Kijana anapiga kelele juu kabisa, midundo zaidi ya mia mbili kwa dakika, kambi ya jirani wanaisikia na wanajua tumepata. Hao wazungu wenu mnaosema wanakimbia, wanakimbia wapi? Wamevaa ngozi nyeusi na minyororo, atakimbiaje?

Mwezi ukiwa mpevu hatuendi ziwani, tunakaa kambini, muda wa kusikiliza ninao. Kama kuna ya haraka kuliko singeli nileteeni, lakini iwe fupi.

FUNDI KOILI

Dagaa Giza, umenichekesha mpaka risasi ya kulehemu imenidondokea mkononi.

Wewe na Ng'wana Kisesa jibu lenu ni moja. Pale Kampala kuna lebo inaitwa Nyege Nyege Tapes. Ndio waliokusanya singeli ya studio ya Sisso ya Dar wakaitoa 2017, Sounds of Sisso, wazungu wakaanza kuirukia. Na ni haohao waliotoa albamu ya Duma 2020, vijana wawili wa Nairobi waliotoka kwenye bendi za metali, wakachukua kelele za metali wakazifunga kwenye mashine zenye mwendo wa kichaa. Tamasha lao wamelifanya miaka mingi Jinja, pale maji ya ziwa letu hilihili yanapotokea kuingia Nile. Kwa hiyo singeli na metali zimeshakutana, zimekutania ukingoni mwa Viktoria, sisi wa huku kusini tukiwa tumelala.

Mmoja wa wale wawili, Lord Spikeheart, ana albamu yake mwenyewe, The Adept, ya Aprili 2024. Ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke wa ukoo wake aliyefikia cheo cha fildi masho ndani ya Mau Mau. Niliiweka kwenye sabufa ya inchi 15 niliyokuwa nimeisuka asubuhi. Koili ilipona. Muuza chipsi wa mbele yangu alihamisha benchi.

Mtaniuliza, hiyo si mashine tupu? Ndiyo, mashine tupu, na haijifichi. Ugomvi wangu uko na mashine inayojifanya mtu.

MPIGA DRAMS WA KWAYA

Bwana asifiwe wapendwa. Mama Wawili, nipo huku pia, usinisemee kwa mchungaji.

Fundi ana haki kwenye suala la drams, ila sababu hajaisema, na mimi nimekaa studio nimeiona kwa macho. Unapiga wimbo mzima, jasho linakutoka, unaenda kunywa maji. Ukirudi, mtu wa kompyuta ameshika kila pigo lako na kulivuta mpaka likae kwenye mstari wa saa, maana wewe ulitangulia kidogo hapa, ukachelewa kidogo pale. Kule kutangulia na kuchelewa ndiko wewe mwenyewe. Kisha kila mkanyago wako wa pedali anaufuta, anaweka mlio mmoja uliorekodiwa siku nyingi na mtu mwingine kwenye nchi nyingine. Bendi ngapi zinatumia milio hiyohiyo ya kununua? Nyingi mno. Ndiyo maana ukifumbwa macho huzitambui. Siyo kwamba vijana hawajui kupiga. Wengi wanapiga kuliko Lombardo. Wanapiga, halafu wanafutwa.

Hata hivyo wanaokataa wapo. Blood Incantation wa Denver walienda Berlin kurekodi kwenye studio za Hansa, zile za tangu enzi za David Bowie, wakatoa Absolute Elsewhere Oktoba 2024. Unasikia chumba. Unasikia ngozi ya ngoma. Tahadhari: ina nyimbo mbili tu, kila mmoja dakika ishirini hivi. Najua umetoka kulalamika na dakika 11. Zimegawanywa vipande vitatu vitatu, vumilia.

Wa pili, ukitaka Afrika yenye ngoma za kushikwa na mikono: Arka'n Asrafokor wa Togo, albamu ya Dzikkuh, 2024. Wanaimba Kiewe, na zile ngoma za asili hazikuwekwa kama chumvi juu, zimo ndani ya rifu. Ng'wana Kisesa, hiyo ndiyo wangefanya watu wa Bujora kama wangekuwa na umeme wa uhakika.

Dagaa Giza, wewe kachukue ya Knocked Loose ya 2024, haifiki nusu saa na mwimbaji yuko juu kama unavyotaka, sauti ya mtu aliyekanyaga msumari. Kwenye injini itapita.

Mimi kanisani pedali mbili nazitumia kwenye pambio la mwisho tu, watu wakishasimama. Wanadhani ni upako.

MAMA WAWILI

Nimekusoma, mpiga drams. Nakaa safu ya tatu Jumapili. Sasa naelewa kwa nini glasi za maji za wazee zinatembea mezani.

FUNDI KOILI

Mpiga drams, wabeja sana. Hapo kwenye kufutwa umenigusa, maana mimi kwenye spika naona ugonjwa wa ndugu yake. Amplifaya ikizidiwa, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, juu yanakuwa bapa, koili inapata moto bila kupumzika mpaka vanishi inatoa harufu, waya unaachia, mteja anakuja kwangu. Ninaishi kwa hilo, silalamiki. Sasa Death Magnetic ya Metallica, 2008, iliyafanyia mawimbi hivyohivyo studioni, kwa makusudi, ili isikike kubwa kuliko ya jirani. Mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile zilizowekwa kwenye gemu la Guitar Hero zinasikika safi kuliko za kwenye sidii. Watu wazima wanaenda kutafuta muziki ndani ya gemu la watoto! Na tangu hapo wengi wameendelea tu kubana.

Haya, ripoti. Nimezisikiliza hizo mbili jioni baada ya kufunga, kwenye spika zangu mwenyewe, hazina deni la mtu.

Absolute Elsewhere: nilikaa nimekunja mikono nikisubiri kuichukia. Wa kwanza, The Stargate, unaanza vita, halafu katikati wanaacha kabisa, vinanda vya angani vinaelea, nikasema haya, wamenileta kulekule kwa kubembelezwa. Lakini humo ndani drams hazikulala. Kuna sehemu mpiga drams anagusa tasa, ile sahani ya shaba, pembeni na unasikia kijiti cha mbao. Mbao! Niliirudisha hiyo sehemu mara kadhaa nikiwa nimesogeza sikio kwenye spika, mlinzi wa jirani akaja kuuliza kama kuna shoti. Kwa hiyo naipitisha. Ile ya dakika 11 inachosha kwa sababu haina pa kwenda. Hii ya ishirini inakwenda.

Dzikkuh: magitaa bado yamepigwa pasi, sitadanganya. Ngoma za mkono ndizo zilizoniweka. Zinaingia wakati gitaa linavuta pumzi, na unajua kabisa huyu hajavutwa kwenye mstari wa saa na mtu yeyote. Ng'wana Kisesa, njoo uichukue kwa flashi uwapelekee Bagika. Bagalu usiwaambie.

Albamu niliyoomba nimeipata. Sleep Token bado nawadai.

DADA WA MALIMBE

Fundi, umekubali vinanda vya angani vya watu wa Denver lakini kinanda cha Vessel kinakukera. Wote wameona.

Anyway, nina sabufa ndogo, inatetemeka kwenye besi, inatoa mlio kama nyuki. Ni koili au ni karatasi? Na ni bei gani, nikumbushe mimi ni mwanafunzi.

FUNDI KOILI

Kinanda cha Denver kina sababu, kinatoka vitani.

Mlio wa nyuki mara nyingi ni karatasi imeachia gundi ukingoni, au koili imeingia vumbi. Ibonyeze katikati taratibu kwa vidole viwili, sawasawa, ipande na kushuka. Ukisikia inakwaruza ni koili. Ikiwa kimya, ni gundi, na gundi mwanafunzi nampigia bure, koili tutaelewana. Kama utabonyeza kwa kidole kimoja upande mmoja, utaiharibu na bei itapanda.

Ulete na waya wake, watu mnaleta spika tupu halafu mnashangaa. Jumamosi mchana niko. Nikimaliza nitaijaribu kwa Caramel mbele yako ili usiseme nina chuki, ila naanzia pale mwishoni wanapokumbuka gitaa.